Vidole vya Mpiga Gita: Mhadhara juu ya Glen Hansard wa Dublin



Mnamo Januari 2006 mwongozaji John Carney alianza kupiga picha za filamu mjini Dublin ambayo, kwa hesabu za wafanyabiashara wa sinema, ilikuwa imeshakufa. Nyota wake alikuwa amejitoa. Watayarishaji waliokuja na nyota huyo nao wakaondoka na fedha zao. Zilizobaki ni mswada mfupi, kiasi cha euro 130,000, nyingi zikiwa za Bodi ya Filamu ya Ireland, na nyimbo. Nyimbo zilikuwapo za kutosha, kwa kuwa Carney alikuwa amemwagiza mtunzi anayemjua vizuri: Glen Hansard, kiongozi wa bendi ya The Frames. Carney mwenyewe aliwahi kuwa mpiga besi wa bendi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Basi nyota alipoondoka, mwongozaji akamgeukia mtunzi na kumwomba acheze yeye. Hansard alisita. Hakuamini kwamba angeweza. Alikubali kwa sharti kwamba ashirikishwe katika kila hatua na kwamba filamu ibaki ndogo.

Aliyejitoa ni Cillian Murphy. Wengi wenu mnamjua kwa Oppenheimer, iliyompa Oscar ya mwigizaji bora mwaka 2024, au kwa ile kofia ya Thomas Shelby katika Peaky Blinders. Wachache wanajua kwamba naye alianza na gita. Miaka ya 1990, huko Cork kusini mwa Ireland, yeye na mdogo wake walikuwa na bendi iliyofika mbali kiasi cha kampuni ya Acid Jazz kuwapa mkataba wa albamu tano. Waliukataa, na sababu mojawapo ni kwamba mdogo mtu alikuwa bado sekondari. Mwaka 1996 Murphy akaingia katika tamthilia ya Disco Pigs ya Enda Walsh, na muziki ukabaki nyumbani. Jina hilo la Enda Walsh liwekeni akilini, litatufaa baadaye.

Kwa hiyo tuna nafasi moja na watu wawili. Mmoja alitoka kwenye muziki akahamia kwenye uigizaji akafika kileleni. Wa pili alipata nafasi za maana katika filamu mara mbili tu, na mara zote mbili alitamani kurudi kwenye gita. Nasema nafasi ile ilikuwa ya huyu wa pili. Kwa uigizaji hamfikii Murphy, na sidhani kama yeye mwenyewe angebisha. Lakini kamera ina tabia yake: machozi ya uongo huyavumilia, uso wa uongo huuvumilia, hata mapenzi ya uongo, ila vidole vya uongo kwenye nyuzi za gita haivivumilii. Aliyekaa na gita miaka 20 anajulikana kabla hajatoa sauti, kwa namna tu anavyolishika.

Turudi nyuma kidogo. Hansard alizaliwa Aprili 1970 na kukulia Ballymun, kaskazini mwa Dublin. Ballymun ulikuwa mtaa wa maghorofa uliojengwa na serikali miaka ya 1960, wakati nyumba za kale za katikati ya jiji zilipokuwa zikiwaangukia wapangaji. Minara saba ya ghorofa 15 ilipewa majina ya watu saba waliotia saini tangazo la jamhuri la mwaka 1916. Majina yalikuwa makubwa. Maduka, ajira na huduma vilichelewa, na baada ya miaka michache tu lifti mbovu za Ballymun zikawa hadithi ya nchi nzima. Minara yote saba imeshabomolewa.

Akiwa na miaka 13 aliacha shule akaenda kupiga gita barabarani. Amesimulia mara nyingi kwamba mkuu wa shule mwenyewe ndiye aliyemsukuma aende, alipoona kijana hana jingine kichwani ila nyimbo. (Mwalimu wa namna hiyo kwetu sijui angeandikiwa barua gani na afisa elimu.) Mahali alipokwenda ni Grafton, barabara ya maduka katikati ya Dublin inayopitwa kwa miguu, ambako wapiga muziki wa barabarani husimama kila baada ya hatua kadhaa.

Hapo naomba tusimame kidogo, maana ndipo chuo chake kilipo. Ukumbini una wasikilizaji: wamelipa kiingilio, wamekaa, watakuvumilia wimbo mmoja mbaya wakingojea mzuri. Barabarani una wapita njia. Kila mmoja ana safari yake, na wewe una sekunde chache za kumfanya apunguze mwendo. Ndiyo maana mpiga muziki wa barabarani hujifunza vitu viwili ambavyo mwalimu wa muziki darasani hukataza. Kwanza, kupiga kwa nguvu kupita kiasi. Gita la Hansard, Takamine la mbao, lina tundu la pili chini ya lile aliloliacha fundi; limetobolewa na mkono wake kwa kukwangua mbao mwaka baada ya mwaka. Pili, kupanga wimbo uanze kwa mnong'ono na umalizike kwa kelele, ili aliyepita wakati wa mnong'ono ageuke nyuma wakati wa kelele. Sikilizeni karibu wimbo wowote wa Hansard, hata aliourekodi akiwa tajiri, mtauona mpango huo huo.

Na kuna somo la tatu, la pesa. Mchana watu hutupa sarafu kwa nyimbo wanazozijua. Nyimbo zako mwenyewe unaziweka hadi usiku, barabara ikishakuwa tupu. Jambo hili Carney alilichukua kama lilivyo akaliweka mwanzoni mwa filamu yake: msichana mmoja anamkuta mpiga gita usiku akipasua koo kwa wimbo wake mwenyewe, anamuuliza kwa nini mchana hauimbi huo. Jibu lake ni la kibiashara kabisa.

Sasa nafasi ya kwanza. Mwaka 1990 Alan Parker, Mwingereza aliyetengeneza Fame na Midnight Express, alikuja Dublin kutafuta vijana wa filamu ya The Commitments, kutokana na riwaya ya Roddy Doyle ya 1987. Hadithi ni ya vijana wa kaskazini mwa Dublin wanaounda bendi ya kupiga muziki wa soul wa Wamarekani weusi. Parker aliamua jambo ambalo waongozaji wengi huliogopa: kuchukua wanamuziki na kuwafundisha kuigiza, badala ya kuchukua waigizaji na kuwafundisha kushika ala. Andrew Strong, mwenye sauti kubwa ya filamu ile, alikuwa na miaka 16. Aliyeitwa kuimba siku hizo za usaili alikuwa baba yake, Rob Strong. Mtoto alifuatana naye tu, Parker akamsikia. Andrea Corr alipata nafasi ndogo ya dada wa meneja, na mtu aliyesimamia muziki wa filamu, John Hughes, akaja kuwa meneja wa yeye na ndugu zake, The Corrs. Usaili ule ulizaa mengi.

Hansard alipewa Outspan Foster, mpiga gita. Filamu ilitoka 1991, ikatwaa BAFTA nne, zikiwemo za filamu bora na mwongozaji bora, na albamu ya nyimbo zake ikauzwa kwa mamilioni. Mtu angesema kijana ametoka kimaisha. Lakini mwaka mmoja kabla alikuwa ameunda The Frames, na kampuni ya Island ilikuwa imewachukua. Alitaka watu wasikilize nyimbo zake. Watu wakawa wanamtafuta Outspan. Amesema zaidi ya mara moja kwamba alijuta kuikubali nafasi ile kwa sababu ilimtoa kwenye njia ya muziki.

Nimeitazama The Commitments tena nikiandaa maneno haya, na kwa maoni yangu juto hilo lina msingi, ingawa filamu yenyewe ni tamu na haijachakaa. Outspan anashika gita lakini hana wimbo. Vibao ni vya Wilson Pickett, Otis Redding na wenzao. Sauti ni ya Strong. Maneno ya mdomoni ni ya Roddy Doyle. Mikono ni ya Hansard kweli, na Parker, ambaye hakuwa mjinga, anaionyesha. Lakini mikono hiyo imeazimwa. Mtu anayetunga, ukimfanya maarufu kwa nyimbo za watu wengine, unamwekea deni atakalolipa muda mrefu.

Yeye alilipa miaka 15. Island waliachana na bendi baada ya albamu ya kwanza. Albamu iliyofuata waliiita Fitzcarraldo, kutokana na filamu ya Werner Herzog kuhusu mtu anayevusha meli juu ya mlima, na nadhani walijua wanachokisema. Wakapita kampuni nyingine, wakaachwa tena, wakaanza kutoa kazi kwa lebo yao wenyewe. For the Birds ya 2001, ambayo sehemu yake walirekodi na Steve Albini wa Chicago, ndiyo naiona bora kuliko zote; ndani yake hakuna mtu anayejaribu kumfurahisha mtu. Nje ya Ireland walijulikana kwa wachache tu, isipokuwa Czech, ambako walipata wapenzi wa dhati. Huko Hansard alifahamiana na familia ya Irgl, iliyokuwa ikihusika na tamasha la muziki katika mji wao, na binti yao Markéta alikuwa na piano. Mwaka 2006 wawili hao walitoa albamu iitwayo The Swell Season.

Basi ndipo tunafika Once, ile filamu ya Carney niliyoanza nayo. Filamu ilipigwa kwa siku 17. Mhusika mkuu hana jina. Ni mtengenezaji wa mashine za kufyonza vumbi dukani kwa baba yake, na mpiga gita wa Grafton. Msichana, anayechezwa na huyo Markéta Irglová, naye hana jina. Ni mhamiaji kutoka Czech anayeuza maua barabarani. Vibali vya kupiga picha mitaani hawakuwa navyo. Kamera iliwekwa mbali kwa lenzi ndefu, hivyo watu mnaowaona wakipita Grafton ni wapita njia wa kweli ambao hawakujua kwamba wako ndani ya filamu, na wachezaji wawili wasio na uzoefu wakaisahau kamera. Sherehe ya wanamuziki ilipigwa ndani ya nyumba ya Hansard mwenyewe, wageni wakiwa marafiki zake, na mama mnayemsikia akiimba peke yake pale ni mama yake mzazi.

Naomba tuitazame sehemu moja kwa karibu. Msichana anaruhusiwa na mwenye duka la ala za muziki kupiga piano saa ya chakula cha mchana, kwa kuwa kwao hana piano. Anampeleka mpiga gita pale. Anaanza yeye na kipande cha Mendelssohn, kujitambulisha, kama fundi anayetoa chombo chake mfukoni bila kusema neno. Kisha mwanamume anatoa karatasi ya maneno na kumfundisha wimbo kipande kwa kipande: unaanzia hapa, hapa tunapanda, hapa tunarudi. Halafu wanaupiga. Msichana anaanza kwa hadhari, noti chache chini chini, akimtazama mwenzake ajue badiliko linakuja lini. Katika kiitikio anaingiza sauti ya pili, kidogo sana, kana kwamba anaomba ruhusa. Mara ya pili haombi tena. Wimbo unachezwa wote, toka mwanzo hadi mwisho, na katika dakika hizo hakuna lolote la hadithi linalosemwa kwa maneno. Hakuna busu, hakuna siri inayofichuliwa. Tukitoka dukani tunajua watu hawa wamependana, na tumelijua hilo kwa kuwaona wakisubiriana kwenye mpigo.

Mwigizaji mkubwa angeweza kufanya hivyo? Uso angeuweza. Lakini yale macho ya mtu anayesikiliza ili asimwache mwenzake nyuma, yale ni macho ya kazini. Carney hakuhitaji Hansard aigize mapenzi. Alimhitaji apige wimbo na mtu ambaye alikwisha kupiga naye, kisha akatoa njia.

Wenye uzoefu wa studio watakumbuka pia sehemu ya mwishoni, baada ya usiku kucha wa kurekodi, fundi mitambo anapowapakia wote garini kwenda kusikiliza nyimbo kwenye redio mbovu ya gari. Spika za studio hupendezesha kila kitu. Gari halina huruma. Hili haliwezi kubuniwa na mtu asiyewahi kukaa studio, na limo kwenye filamu kwa sababu mwongozaji alikuwa mpiga besi kabla hajawa mwongozaji.

Filamu ilipata tuzo ya watazamaji Sundance Januari 2007, ikaingiza zaidi ya dola milioni 20 duniani. Wimbo wa pale dukani, Falling Slowly, ukapendekezwa kwa Oscar, na hapo zikazuka kelele: ulikwisha kutoka katika albamu mbili mwaka 2006, na ukasikika pia katika filamu ya Kicheki, wakati kanuni zinataka wimbo uliotungwa kwa ajili ya filamu husika. Kamati ya muziki ya akademia inayotoa Oscar ilichunguza ikaridhika: wimbo ulitungwa kwa ajili ya Once, ila filamu ilichukua muda mrefu mno kukamilika, na njiani watunzi waliupiga kwingine. Mimi nadhani kamati iliamua kwa haki, ingawa kisa chenyewe kinaonyesha jinsi mfumo wa tuzo unavyomfikiria mtunzi: kama mtu anayekaa kimya na wimbo kabatini hadi mwajiri amruhusu.

Usiku wa 24 Februari 2008 walikuwa wakishindana na nyimbo tatu za filamu moja ya Disney, Enchanted. Walishinda. Hansard alizungumza, lakini Irglová, mwenye miaka 19, alipokaribia kipaza sauti okestra ikaanza kupiga na nafasi yake ikaisha. Baada ya matangazo ya biashara mshereheshaji Jon Stewart alimrudisha jukwaani amalize, jambo ambalo si la kawaida katika sherehe ile inayohesabu sekunde. Alichosema kilikuwa kwa ajili ya wanamuziki wanaojitegemea.

Niliwaahidi Enda Walsh. Once ilipogeuzwa kuwa tamthilia ya muziki, aliyeandika maneno yake ni huyo huyo aliyemtoa Cillian Murphy kwenye bendi mwaka 1996. Ilifika Broadway Machi 2012 chini ya mwongozaji John Tiffany, na kuchukua Tony nane, ikiwemo ya tamthilia bora ya muziki. Hakukuwa na okestra shimoni. Waigizaji wenyewe ndio waliopiga fidla, mandolini, chelo na magita, wakiwa jukwaani muda wote, na kabla ya onyesho kuanza watazamaji walipanda kununua vinywaji kwenye baa iliyokuwa sehemu ya mandhari. Maana yake ni kwamba kila aliyetaka kazi katika tamthilia hiyo, New York, London au kwingineko, ilimbidi ajue kuigiza na kupiga ala, tena sawasawa. Sharti alilojiwekea Parker kwa filamu moja likawa sharti la kuajiriwa kwa miaka kadhaa. Nyota wa kwanza wa Broadway, Steve Kazee, alipata Tony, na ni mwigizaji kweli kweli. Nafasi ya Hansard imeonekana kuwa inaweza kuchezwa na mwingine, almradi mwingine huyo awe na mikono.

Baada ya Oscar mlango wa Hollywood ulikuwa wazi. Hansard na Irglová walitokea kwenye katuni ya The Simpsons mwaka 2009, wakicheka wenyewe, na kwa nafasi kubwa za filamu hadithi ikaishia hapo. Nje ya filamu walikuwa wamependana kweli, na mapenzi hayo nayo yalikwisha. Strict Joy, albamu yao ya 2009, ina vumbi la kuachana. Hansard akaanza kutoa albamu kwa jina lake: Rhythm and Repose mwaka 2012, kisha Didn't He Ramble mwaka 2015, iliyopendekezwa kwa Grammy ya muziki wa asili. Akapiga na Eddie Vedder wa Pearl Jam. Desemba 2016 alikuwa miongoni mwa walioingia Apollo House, jengo tupu la ofisi katikati ya Dublin, na kuligeuza malazi ya watu wasio na makazi hadi mahakama ilipoamuru watoke. Na kila mkesha wa Krismasi, kwa miaka mingi, amekuwa akirudi Grafton na wanamuziki wenzake kupiga barabarani kuchangia watu hao hao.

Desemba 2023 aliagwa Shane MacGowan wa The Pogues. Misa ilikuwa Nenagh, katika kaunti ya Tipperary, na Hansard pamoja na mwimbaji Lisa O'Neill waliimba Fairytale of New York, wimbo mashuhuri kuliko yote ya marehemu. Ndugu za marehemu wakainuka wakacheza mbele ya altare. Kanda ipo, itafuteni. Mtazameni Hansard: yuko katikati ya tukio lililotazamwa dunia nzima, na hana dalili ya mtu anayejua pa kusimama ili kamera imwone vizuri. Anaangalia bendi.

Mwaka 2025 yeye na Irglová, ambaye sasa anaishi Iceland, walitoa albamu ya pamoja, Forward, ya kwanza baada ya miaka 16, wakazunguka nayo nchi kadhaa. Kuhusu uigizaji sijasikia tangazo lolote, na mwenyekiti ameniashiria kwamba muda wa maswali umefika.